Skrepa Niliyokuchagulia

Agripina mwanangu,

Leo asubuhi uliponiamkia niliitikia marahaba bila kukutazama, na najua uliona. Macho yangu yalikuwa kwenye begi lako, kwenye ule mfuko wa pembeni, ambamo mpini mwekundu wa skrepa ulikuwa unachungulia. Skrepa mpya ya kukwangulia rangi. Nadhani umeinunua kwa machinga pale Msamvu, maana bado imevishwa nailoni yake. Wewe na mama yako mkaondoka kwenda Kinole kumuaga bibi, na mtarudi na gari la jioni. Kesho alfajiri uko kwenye basi la Dodoma. Kwa hiyo nina saa saba za kuandika jambo ambalo kwa mdomo limenishinda miaka minne.

Mambo ya chakula, ya misa, ya kutotembea usiku, mama yako ameshayasema na atayarudia kesho hadi basi liondoke. Mimi nitaanza na skrepa. Usicheke. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia tukiwa dukani mjini, "Baba, unavyochagua skrepa utadhani unachumbia." Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilinuna, lakini ilikuwa kweli. Mama yako nilimchumbia siku tisa. Skrepa yangu niliizungukia miezi minne.

Nilianza rangi Mikese, nimetoka Ludewa na begi moja, sina ndugu wala rafiki. Nilikuwa napaka kuta za maduka ya barabarani zile rangi za makampuni ya simu: mwezi huu nyekundu, mwezi ujao bluu, duka ni lile lile. Kila kampuni ikija, rangi ya mwenzake lazima ikwanguliwe kwanza. Mwaka ule nilinunua skrepa saba. Saba, Agripina, na zote zilikuwa zinang'aa kama yako. Moja ilipinda siku ya kwanza na haikunyooka tena. Mbili zilichomoka mpini. Moja ilikatika kona nikifungulia kopo. Tatu zilikula kutu, maana ule mng'ao ni wa juu juu tu, ukishachubuka chini hakuna kitu. Ya nane ndiyo hii niliyonayo, na sasa ina miaka ishirini na mitatu.

Hiyo ya nane niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nilikuwa napapasa makali kwa kidole kama anayejua. Yeye akaninyang'anya, akaigeuza, akanionyesha kitako cha mpini. Pale kitakoni niliona chuma kimetokeza. Ni chuma kimoja tangu kwenye makali hadi nyuma kabisa, na vipande viwili vya mbao vimekibana kwa pini tatu zilizopita hadi upande wa pili. Zile saba zangu zilikuwa na ulimi mfupi tu wa chuma, umechomekwa ndani ya plastiki na kushikwa na gundi. Hapo ndipo skrepa hufia, siyo kwenye makali, na watu wote hutazama makali.

Yako niliishika, unisamehe, ulipokuwa unaoga. Kitako chake ni plastiki tupu. Nikaiweka juu ya kidole kimoja, ikaangukia mbele, maana yake chuma chote kiko mbele. Ulimi ulio ndani hauzidi upana wa vidole viwili.

Siku utakayonunua nyingine, chukua ya inchi mbili na nusu. Ya inchi nne inapendeza kwenye ukuta lakini haiingii kwenye fremu ya dirisha, na ya inchi moja na nusu itakuzeesha. Bonyeza ncha yake kwenye meza ya duka. Ipinde kidogo, kisha irudi yenyewe. Isipopinda kabisa itachimba plasta, na ikipinda kama karatasi itakufaa kwa kupaka puti ya kuziba matundu peke yake, na wewe huna nafasi ya kubeba skrepa mbili kwenye begi. Muuzaji atakuambia ina kazi sita. Atakuhesabia: kukwangua, kupaka puti, kuchokonoa nyufa kwa ile ncha ya pembeni, kusafisha rola kwa ule mkato wa mwezi mchanga, kufungua makopo, kugonga misumari kwa kitako. Mimi nakuambia ina kazi nne. Kopo lifungulie bisibisi na msumari utafutie nyundo. Kona iliyonikatikia Mikese ilinifundisha hilo, na fundi aliyenisimamia hakunionea huruma.

Na makali yakiisha, tumia tupa kwa mkono. Mimi nilikuwa na haraka, nikampelekea yule mchomeleaji wa hapa Kihonda ainoe kwa mashine ya grenda. Dakika mbili tu, makali yakageuka bluu kama shingo ya njiwa. Chuma kikishafika hapo kimelegea, kila ukikinoa kinajikunja. Nilikaa na tupa siku nzima kuondoa ile sehemu iliyoungua, milimita nne. Hizo nne hazirudi. Ndiyo maana ukiitazama skrepa yangu unaiona fupi.

Haya yote ningeweza kukuambia mezani, tunakula. Sasa nifike ninapopaogopa.

Fundi aliyenifundisha, Fundi Maneno, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria ambayo mafundi wengi wa huku tunaishika mpaka leo. Anayejifunza hupewa kifaa kibovu. Brashi iliyonyonyoka, rola iliyoganda, skrepa ambayo kila mtu ameikataa. Eti mkono hufundishwa na kifaa kibovu, na ukikiweza hicho hakuna kitakachokushinda. Mimi alinipa kipande cha bati la paa kwa miezi sita, kabla sijanunua hata skrepa ya kwanza. Nikakiweza. Kwa hiyo nikaamini, na kila niliyemfundisha nilimpa kibovu.

Nimekuja kupiga hesabu baadaye, nikiwa sina tena wa kumfundisha. Kwa skrepa nzuri, ubao mmoja wa fremu unakwangua mara kumi na tano rangi inaachia. Kwa mbovu ni mara arobaini, na zile ishirini na tano za ziada unazifanya kwa kusukuma na bega. Kifaa kibovu kinafundisha kusukuma, basi. Na mtu hukatwa anaposukuma.

Unaikumbuka ile nyumba ya zamani ya mapadre kule mlimani. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, nami nikasema njoo unisaidie badala ya kukaa. Madirisha thelathini na moja ya mbao, rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Nilikadiria siku tisa. Siku ya sita asubuhi tulikuwa tumemaliza kumi na moja tu, tumechelewa, na mimi nikichelewa unanijua.

Asubuhi ile, kabla hujaamka, niliichukua skrepa yako niipige tupa. Mpini ukacheza. Siyo kidogo. Bapa la chuma lilikuwa linazunguka ndani ya mpini kama ufunguo ndani ya kitasa. Niliona, Agripina. Nikachukua mpira wa tyubu ya baiskeli nikaufunga, mizunguko minane, nikauvuta hadi vidole vikaniuma, nikajiambia itafika jioni. Yangu ilikuwa palepale kwenye begi. Ningeweza kukupa yangu nikashika mbovu mimi. Wazo hilo lilinijia, sitakudanganya kwamba halikunijia. Nikalikataa, maana fundi ni mimi.

Saa nne ukaniambia, "Baba, hii inacheza."

Nami nikiwa juu ya ngazi nikakujibu, "Inacheza kwa sababu umeishika kama kijiko cha uji. Sukuma."

Hilo ndilo neno la mwisho nililokuambia ukiwa na vidole kumi vinavyokunjika.

Ukasukuma. Mkono wako wa kushoto ulikuwa umeshika fremu, na bapa likachomoka likaukata. Nilichosikia ni ngazi yangu mwenyewe ikitikisika nikishuka. Mpini ulikuwa bado kwenye mkono wako wa kulia, mzima, na mpira wangu juu yake. Niliufungua ule mpira kabla sijakufunga kitambaa. Nataka ulijue na hilo. Damu inatoka, na mimi kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuficha mpira mfukoni.

Ulishonwa nyuzi kumi na nne, na vidole viwili vya mwisho havikukunjika tena. Kabla ya siku ile ulikuwa unasuka rasta kichwa kizima kwa saa tano, na akina mama wa mtaa huu walikuwa wanapanga foleni Jumamosi. Ulikuwa umeshaniambia utafungua saluni, umeshachagua hata jina. Baadaye nilikuona ukijaribu kwa binti wa jirani. Uligawa nywele mafungu matatu, fungu la tatu likawa linateleza. Ulirudia mara sita, nilihesabu nikiwa dirishani. Kisha ukamwambia arudi nyumbani, unaumwa kichwa.

Rangi hukuichagua. Ni kazi iliyobaki ambayo mkono ule unaiweza.

Wiki ile ile tuliitwa Kinole, ukoo wa mama yako umekaa, na mjomba wako Anseli akauliza ilikuwaje. Watu kama kumi na wawili wamekaa, wewe kwenye mkeka karibu na bibi, bandeji imefika kwenye kiwiko. Nikasema ulikuwa unachezea simu. Siku uliyokatwa simu yako ilikuwa kwenye begi langu, imezimika tangu jana yake, na wewe ulijua ninajua. Uliniangalia. Nikangoja uniumbue, na nilikuwa nimeshaandaa cha kujibu. Ukainamisha macho, na wote wakaona hiyo ndiyo aibu ya mwenye kosa.

Tangu hapo umekuwa mzembe. Kikombe kikivunjika, hata kiangushwe na paka, mama yako husema "wewe na mikono yako." Hasemi kwa ubaya. Anasema kwa sababu mimi nilimpa neno hilo na sikulichukua tena. Nimelisikia likisemwa mbele yangu mara ngapi, na kila mara nimejifanya natafuta kitu chini ya meza.

Unajua malalamiko yangu kuhusu ukweni. Nilipooa kwa Waluguru niliambiwa mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Kwetu Ludewa si hivyo. Miaka ishirini na miwili nimenung'unika: nalisha mimi, nasomesha mimi, anayeamua ni mtu anayekuja Krismasi na mfuko wa sukari. Basi mwezi uliopita Anseli alipokaa kwenye kiti changu, akasema, "Shemeji, nimekuja kukuarifu, sikuja kukuomba. Agripina ataungana na kikosi changu cha mafundi rangi Dodoma," nilipandwa na hasira, na nilikuwa tayari kumkatalia. Ndipo akaongeza, wewe ukiwa umesimama mlangoni na sinia la chai. Alisema kwamba kwa uzembe wako ule, mwaka wa kwanza hutashika kazi ya maana. Utakoroga puti na kubeba maji. Na siku ukishika skrepa, utashika zile za kujifunzia.

Mimi ninazijua zile za kujifunzia. Anseli naye alipitia mikono ya Fundi Maneno, miaka miwili baada yangu.

Hasira yote iliniisha. Nilitakiwa kusema pale pale. Mdomo ulifunguka, nikamkaribisha chai.

Leo mlipovuka barabara tu nikampigia simu Anseli. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyokuandikia: bapa linazunguka, mpira, mizunguko minane, skrepa yangu ikiwa kwenye begi, simu ikiwa imezimika. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha akacheka taratibu, kicheko cha mtu mwema.

"Shemeji," akasema, "binti akiondoka, baba huwa laini. Nimekuelewa. Usiwe na wasiwasi, sitamwonea."

Nikamwambia simtetei mtu, nasema kilichotokea.

"Mbona siku ile ulieleza vizuri kabisa, tena mbele ya wazee?"

Akaniuliza kama mvua zimeanza Morogoro. Nikasema zimeanza.

Nilikuwa nadhani ukweli upo tu mahali, umekaa, unakungoja siku utakayopata nguvu ya kuuchukua. Kumbe haukai. Nimeusema leo wote, bila kubakiza, na umepokelewa kama zawadi ya baba kwa mwanawe. Uongo wangu ulikuwa na watu kumi na wawili waliousikia. Ukweli wangu hauna hata mmoja ila wewe, na wewe ndiye wanayekushuku. Nimekaa na simu mkononi nusu saa nikitafuta nani mwingine wa kumpigia. Hakuna.

Mama yako nilikuwa nimepanga kumwambia kesho ukishaondoka. Niliandika hivyo kwenye karatasi hii, nikakata, unaona hapo juu palipokwaruzwa. Nitamwambia leo mkifika, ukiwepo, kwa sababu siku ile nilisema uongo ukiwepo. Sijui kama nitaweza. Nikishindwa, unayo barua.

Tangu saa sita nimeichukua skrepa yangu nikaitia kwenye begi lako na kuitoa, mara tatu. Wiki mbili zilizopita nilipokupa, ulinijibu kwa adabu, "Hapana baba, yako ibaki yako. Yangu nitachagua mwenyewe." Hilo neno "mwenyewe" nimelisikia. Nikiibadilisha kwa siri leo, nitakuwa nimekuchagulia tena, na unajua mara ya kwanza nilikuchagulia nini. Basi ile ya mpini mwekundu ipo palepale kwenye mfuko wa pembeni. Naiona kutoka hapa nilipokaa. Ni mbovu, nimeishika kwa mikono yangu, na naiacha iende na wewe. Sijui kama hiyo ni heshima au ni woga mwingine. Nimejaribu kupambanua, nimeshindwa.

Nakuomba moja. Mpini ukianza kucheza, hata kidogo, usiufunge kitu. Itupe skrepa yenyewe. Na mtu yeyote akikuambia sukuma, hata awe mjomba wako, hata nyumba iwe ya nani, weka chini ushuke ngazi. Wakuite mzembe, wakuite mvivu, shuka. Ulinyamaza mara moja kwa ajili yangu. Sitaki unyamaze kwa ajili ya mtu mwingine.

Kunisamehe sikuombi, maana ukinisamehe kwa barua nitajua umefanya hivyo ili nilale. Ukitaka kunijibu, jibu. Ukikaa miezi mitatu, sita, mwaka, bila kuniandikia, nitajua umefika, mama yako ataniambia.

Karatasi inayofuata nimeiandika peke yake, upande mmoja, nimeitia sahihi. Haina habari za nywele wala za Kinole wala za mimi na mama yako. Unaweza kumwonyesha Anseli bila kumwonyesha hizi nyingine. Unaweza pia kuichana. Kwa simu hakuniamini, huenda maandishi atayaamini, maana mtu haandiki ubaya wake na kuweka sahihi ili tu ampendeze binti. Au hataamini pia. Nimefikiria njia nyingine tangu asubuhi na sikuipata.

Baba yako


Kwa shemeji Anseli, na kwa fundi yeyote atakayefanya kazi na Agripina.

Mimi, baba yake, ndiye niliyempa skrepa iliyomkata. Bapa lilikuwa limelegea ndani ya mpini. Niliona asubuhi kabla ya kazi, nikalifunga kwa mpira, nikampa. Hakuwa na simu mkononi. Hakuzubaa. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa dirisha, safi, bila kuchimba mbao, kwa kifaa ambacho mimi nisingekubali kukishika.

Aliniambia kinacheza. Nilimsikia.